SHUJAA NI NANI? VIJANA WA LUBUMBASHI WAJIBU

Katika miji mingi ya Afrika shujaa hutambulikana kwa sanamu yake. Husimamishwa juu ya jiwe kwenye njia panda, na kila mwaka siku yake ikifika wakubwa humwekea shada la maua, kisha huachiwa kunguru. Hatusemi kwamba jambo hilo ni baya. Twasema halitoshi, na vijana wasanii wa Lubumbashi, mji wa shaba kusini mwa Kongo ambako watu wa makabila mengi husemezana kwa Kiswahili, wametuonyesha kwa nini halitoshi.

Yafaa kwanza ndugu wasomaji waijue hali ya mji huo. Kampuni ya Kibelgiji iliyoitwa Union Minière iliundwa mwaka 1906 ili kuchimba madini ya Katanga, na kwa miaka 60 faida ya ardhi ile ilivuka bahari. Desemba 1941 wafanyakazi waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Walikusanyika katika uwanja wa mpira, na askari wakawamiminia risasi; waliokufa walihesabiwa kwa makumi. Mwaka 1967 Serikali ya Kongo iliitwaa mali ya kampuni hiyo, na shirika jipya, ambalo baadaye liliitwa Gécamines, likawa baba na mama wa mji: kazi kwake, nyumba kwake, shule na hospitali kwake. Katika miaka ya 1980 lilitoa tani zaidi ya 400,000 za shaba kwa mwaka. Katika miaka ya 1990 likaanguka. Kisha, baada ya vita na miezi mingi ya kazi bila mshahara, wafanyakazi zaidi ya 10,000 waliagwa kwa malipo ya mara moja.

Kijana aliyekulia katika mji wa namna hiyo amtafute wapi shujaa wake?

Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1978, alimtafuta katika makabati ya shirika lenyewe. Humo zilikuwamo picha za zamani za vibarua, zilizopigwa kwa haja za kampuni wala si kwa haja ya waliopigwa. Aliwakata watu wale kutoka katika picha zao, wakiwa weusi na weupe kama karatasi ilivyowahifadhi, akawasimamisha ndani ya picha mpya alizozipiga mwenyewe katika magofu ya viwanda. Kazi hiyo ya mwaka 2006 aliiita Mémoire, yaani Kumbukumbu. Twamwona kibarua kifua wazi, amesimama mbele ya mitambo iliyokufa, akitutazama usoni. Jina lake hatulijui. Hakuna aliyeona haja ya kuliandika. Wala msanii hakumvisha nguo nzuri wala kumpa bendera. Amemrudisha tu mahali alipotoa jasho lake, ili wote tuone alichokijenga na kilichotendwa juu yake.

Wako watakaosema kwamba kuonyesha magofu ni kuwaaibisha wazee. Hatukubaliani nao hata kidogo. Aibu ni ya mwenye kula faida akaacha vumbi.

Mwenzake Georges Senga, aliyezaliwa mwaka 1983, alishika njia nyingine. Yeye alimwendea Patrice Lumumba, ambaye aliuawa karibu na mji huohuo usiku wa tarehe 17 Januari 1961, na mwili wake ukayeyushwa kwa tindikali ili asiwe na kaburi. Ubelgiji ilirudisha jino lake moja tu, mwaka 2022. Katika kazi yake ya mwaka 2012 Senga alichukua picha za Lumumba akaziweka bega kwa bega na picha za mwalimu mmoja wa Lubumbashi anayempenda na kumfuata kiongozi huyo hata kwa sura na mavazi. Mtu hutazama picha mbili mbili, na baada ya muda hana hakika anamtazama nani. Kwa maoni yetu hiyo ni heshima kubwa kuliko shaba yote iliyomwagwa kufanya sanamu, kwa kuwa shujaa ameshuka kutoka juu ya jiwe akaingia darasani, anashika chaki, na bila shaka anangoja mshahara kama walimu wengine.

Vijana hawa hawakuanza jambo geni. Kabla yao Tshibumba Kanda Matulu, aliyezaliwa mwaka 1947, alichora historia ya Kongo juu ya vitambaa vya magunia ya unga, akaviuzia watu wa kawaida wakavitundika sebuleni. Mwaka 1973 na 1974 alimwelezea mtaalamu Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100, na maelezo yake yote yalikuwa kwa Kiswahili cha Katanga. Tangu mwanzo wa miaka ya 1980 habari za mchoraji huyo zimepotea. Picha zake ziko Amsterdam.

Hapo ndipo tunapokereka. Kazi za Baloji nazo zimeonyeshwa sana Ulaya na Marekani, na mchimbaji aliyestaafu bila kiinua mgongo hana nauli ya kwenda huko kumwona baba yake ukutani. Twakiri kwamba wasanii wenyewe wamejitahidi: kikundi chao kiitwacho Picha kimefanya maonyesho makubwa Lubumbashi kila baada ya miaka michache tangu 2008. Lakini mzigo huo si wao peke yao. Nakala ya picha haina gharama kubwa, na katika kumbi za wafanyakazi, huko kwao na hapa kwetu, nafasi ziko tele, palipotundikwa kalenda za miaka iliyokwisha.