Demani: Majira Yasiyopukutisha Majani

Kila mwaka wanafunzi wangu wa tafsiri hukumbana na neno la Kiingereza linalotaja majira ya Septemba hadi Novemba huko Ulaya, miti inapopukutisha majani. Wengi huandika "vuli" wakasonga mbele. Nami huwauliza: vuli ya nani? Kwetu vuli ni mvua za Oktoba hadi Disemba, na sijapata kuona mwembe uliovuliwa majani kwa ajili yake.

Majira hayo hayo mtu wa pwani ana jina lake, naye hakulitoa mtini bali baharini. Ni demani: tangu mwisho wa Agosti hadi mwanzo wa Novemba, kusi inapokuwa imechoka na kaskazi bado haijaingia. Ule mchafuko wa bahari wa Juni na Julai huwa umetulia. Kwa mtu anayetaka kutweka tanga kwa raha tu, pasi na shehena wala nyavu, sioni wakati ulio bora zaidi.

Oktoba iliyopita, mimi na wenzangu watatu tulikodi mashua Lamu kwa siku mbili. Jumamosi tulikwenda Takwa, magofu ya mji wa mawe kisiwani Manda uliohamwa katika karne ya 17. Huko huendi utakapo. Njia ni mkono wa bahari uliobanwa na mikoko. Maji yakitoka, chombo hukaa topeni. Nahodha wetu, mzee wa Matondoni, hakutazama saa bali mwezi. Ulikuwa mpevu, maji ya bamvua, nasi tukaingia alasiri yalipokuwa yakijaa. Hatukutembea sana magofuni kabla hajatuita: "Walimu, hima! Mai yatatuata!"

Jumapili tulielekea Shela, upepo ukitupiga usoni, ikabidi kubisha. Hapo ndipo lugha inapofanya kazi. Chombo huenda joshi, kikiukaribia upepo kadiri kiwezavyo. Kisha hugeuzwa, na foromali ikahamishiwa upande wa pili wa mlingoti. Kamba inayoshika pembe ya nyuma ya tanga nayo huitwa demani, na upande usioelekea upepo ndio upande wa demani. Kamusi huzitenga maana hizi kwa tarakimu. Chomboni zote zilikuwa mbele yangu kwa wakati mmoja.

Kamba hiyo aliishika mjukuu wa nahodha, kijana wa miaka kama 16, kwa ustadi wa kuhusudiwa. Nikamuuliza jina lake.

"Kamba, mwalimu," akajibu. Alikuwa amezoea zaidi boti ya mashini.

Babu yake akacheka. "Mjukuu wangu, upepo ukivuma nikikwambia legeza kamba, utalegeza ipi? Hapa zote ni kamba."

Sijasikia hoja bora zaidi ya kutetea istilahi, na nimehudhuria makongamano mengi. Shuleni msamiati wa bahari hunakiliwa ubaoni, ukakaririwa, ukasahauliwa baada ya mtihani. Walimu wa Lamu, Mombasa na Kilifi wanao uwezo wa kufanya vingine: wanafunzi wachache kwa zamu, mashua moja, nahodha mmoja mwenye subira, na maboya ya kujiokolea kwa kila mmoja. Wachague tu siku kabla ya Novemba, nao wamuulize nahodha habari za mwezi kabla hawajaandika barua kwa wazazi.