Saa Isiyoziona Setilaiti

Katika vituo vya umeme, minara ya simu na maabara kuna saa ambayo hairekebishwi kwa mkono wa mtu. Ndani yake mna fuwele ya kwatsi inayotikisika kwa kasi iliyo karibu thabiti, pamoja na kipokezi cha redio kinachosikiliza setilaiti za mfumo wa GPS, ambazo kila moja imebeba saa za atomi. Kila sekunde kipokezi hutoa mpigo mmoja. Mpigo huo hulinganishwa na mwendo wa fuwele, nayo fuwele ikiwahi au ikichelewa husahihishwa.

Usahihi huo una kazi yake. Njia kuu ya umeme ipatwapo na hitilafu, mshtuko husafiri kuelekea ncha zote mbili kwa kasi inayokaribia ile ya nuru, yaani karibu mita 300 kwa kila mikrosekunde, ambayo ni sehemu moja ya milioni ya sekunde. Kwa kulinganisha nyakati ambazo mshtuko umefika katika vituo viwili, mafundi huweza kukadiria mahali palipoharibika. Saa za vituo hivyo zikihitilafiana kwa mikrosekunde 10, hesabu itawapeleka mafundi karibu kilomita 1.5 mbali na mahali penyewe. Kwa hiyo taa ya kipokezi ikionyesha kwamba hakuna setilaiti iliyopatikana, jambo hilo si dogo. Fuwele huendelea kuhesabu peke yake, lakini kosa lake huongezeka kadiri muda unavyopita.

Hata hivyo, kipokezi kisichopata setilaiti si lazima kiwe kimeharibika. Setilaiti hizo huizunguka dunia kwa urefu wa karibu kilomita 20,200, na mawimbi yake yafikapo ardhini huwa dhaifu kuliko kelele za redio. Kipokezi huyatambua kwa sababu kila setilaiti ina msimbo wake unaojirudia, mithili ya mtoto anayeitambua sauti ya mama yake katikati ya makelele ya gulio. Ili kupunguza kazi ya kutafuta, kipokezi hutumia kumbukumbu ya mambo matatu: mahali kilipo, wakati, na orodha ya njia za setilaiti iitwayo almanaki. Basi sababu za kushindwa ni za aina mbili. Ama mawimbi hayakifikii kipokezi, ama yanafika lakini kipokezi kinatafuta pasipo.

Uchunguzi huanza na mawimbi. Eriali hutakiwa kuiona mbingu waziwazi. Paa la bati, ukuta wa zege na majani yenye maji huyazuia au kuyadhoofisha mawimbi. Njia rahisi ya kupima ni kuipeleka eriali uwanjani. Ikiwa bado hali ni ile ile, waya huchunguzwa. Eriali nyingi zina kikuza mawimbi kinachopata umeme kupitia waya huo huo, aghalabu volti 5, ingawa ziko zinazotaka 3.3 au 12. Msongo usiofaa huweza kuiunguza eriali, hivyo hapana budi kusoma kwanza kitabu cha chombo. Umeme hupimwa kwenye ncha ya waya iliyo upande wa eriali. Usipokuwapo, huenda waya umekatika, au maji ya mvua yameingia katika kiungo na kuleta shoti. Ukiwapo, lakini eriali haivuti mkondo wowote, kikuza mawimbi ndicho cha kushukiwa.

Mawimbi yakihakikishwa, kumbukumbu hufuata. Kipokezi kilichotumika Ulaya kisha kikaletwa Dar es Salaam huweza kuendelea kudhani kwamba kiko Ulaya, kikazitafuta setilaiti ambazo hapa zimo chini ya upeo wa macho. Kadhalika, chombo kilichokaa ghalani miaka mingi huwa na almanaki iliyopitwa na wakati. Dawa yake ni kuifuta kumbukumbu, kisha kukiacha chombo kimewashwa, bila kukigusa, kwa saa moja au zaidi. Setilaiti hutuma habari kwa biti 50 tu kwa sekunde, na almanaki nzima huchukua dakika 12 na nusu. Fundi anayekizima kila baada ya dakika 10 hukikatiza kabla hakijaipokea orodha yote.

Iko pia hitilafu inayofanana na hiyo. Ujumbe wa asili wa GPS huhesabu wiki hadi 1,024 tu, kisha huanza upya kutoka sifuri. Hesabu ilianza tarehe 6 Januari 1980, ikarudi sifuri tarehe 22 Agosti 1999 na tena tarehe 7 Aprili 2019. Baadhi ya vipokezi vya zamani huonyesha tarehe ya karibu miaka 20 nyuma, ingawa sekunde zake ni sahihi. Mwanafunzi mwenye kalenda anaweza kuthibitisha muda kati ya tarehe hizo: ni siku 7,168 kamili. Kipokezi cha namna hiyo hakina kasoro ya redio, na kuibadili eriali yake ni kupoteza fedha.