Mikono ya Thakur: uanaume na ulemavu katika filamu za Kihindi

Filamu za Kihindi zimetazamwa katika miji ya Afrika Mashariki kwa vizazi kadhaa, na katika familia nyingi za waamini wetu bado zinatazamwa. Yale tunayoyatazama mara kwa mara hutufunza, hata pale tunapodhani tunapumzika tu. Ndiyo maana tumeona vema kuchunguza jambo moja: filamu hizi zinasema nini juu ya mwanaume asiye na mikono, asiyeona au asiyesikia? Je, uanaume wake unabaki, na unabaki kwa sharti gani?

Wazee wengi wanaikumbuka Sholay, iliyoongozwa na Ramesh Sippy mwaka 1975. Thakur Baldev Singh, aliyekuwa ofisa wa polisi, alimtia mbaroni jambazi Gabbar Singh. Jambazi huyo akatoroka gerezani, akaua jamaa zake Thakur, kisha akamkata yeye mikono yote miwili. Kwa muda mrefu mtazamaji halijui hilo, kwa kuwa Thakur hujitanda shali mabegani. Siku majambazi wanapovamia kijiji, bunduki iko karibu naye lakini haiokoti, na vijana wawili aliowakodi, Jai na Veeru, wanamdhania mwoga. Hapo ndipo siri inafunuliwa. Ulemavu umefichwa kama aibu, na tiba yake ni kukodi mikono ya wengine ili kisasi kitimie. Mwishoni Thakur anamkanyagakanyaga Gabbar kwa viatu vyenye misumari. Katika toleo la awali alimuua; wakaguzi wa filamu ndio walioagiza polisi wafike kwa wakati.

Miaka 42 baadaye, katika Kaabil (2017), fikra haijabadilika sana. Rohan, asiyeona, anafunga ndoa na Supriya, naye asiyeona. Mwanamke huyo anabakwa, polisi hawawasaidii, naye anajiua. Yanayofuata ni kisasi cha mume, ambaye kusikia kwake na ustadi wa kuigiza sauti za watu vinageuka silaha. Vijana mitaani husema steringi hafi, na hapa steringi kweli hafi. Ila mateso ya mke yamekuwa ngazi tu ya kuuthibitisha uanaume wa mumewe. Hilo halitupendezi.

Guzaarish (2010) ya Sanjay Leela Bhansali inakwenda njia nyingine, nayo yatugusa kwa karibu zaidi. Ethan Mascarenhas, mwanamazingaombwe maarufu, amepooza kuanzia shingoni kwa miaka 14. Anaishi Goa, na jina lake ni la aina wanayobeba Wakatoliki wa huko, ambao baadhi yao walihamia Zanzibar, Mombasa na Nairobi. Ethan ana kipindi cha redio, ana wasikilizaji wanaompenda, ana muuguzi Sofia anayemhudumia kwa uaminifu. Pamoja na hayo anaiomba mahakama ruhusa ya kufa. Mahakama inakataa. Filamu inamwonesha Sofia akikubali kumsaidia, na tendo hilo linapambwa kama kilele cha upendo.

Mafundisho ya Kanisa juu ya kifo laini yanafahamika: kukatisha kwa makusudi uhai wa mgonjwa au mtu mwenye ulemavu hakukubaliki kimaadili, ingawa mtu hafungwi kupokea matibabu yanayozidi kiasi na yasiyo na tumaini. Lakini tusiishie kwenye hukumu. Tujiulize kwa nini watazamaji walilia kwa kuridhika. Filamu imewashawishi kwamba mwili uliowahi kuushangaza ulimwengu, ukishindwa hata kumfukuza nzi, hauna heshima tena isipokuwa kwa kuondoka. Je, kijana aliyevunjika uti wa mgongo kwa ajali ya pikipiki, akiitazama akiwa kitandani, ataambiwa nini na filamu hiyo?

Kwa bahati njema sinema ya Kihindi ina urithi mwingine. Katika Koshish ya Gulzar (1972), Sanjeev Kumar, yuleyule atakayekuwa Thakur miaka mitatu baadaye, anaigiza kiziwi asiyesema aliyeoa mwanamke aliye kama yeye. Uanaume wake umo katika kufanya kazi, kumpenda mke na kulea mtoto anayesikia. Hakuna kisasi. Mwana anapokua na kukataa kuoa msichana kiziwi, baba anawaka hasira, kwani mwanawe amemdharau mama aliyemzaa.

Lakini filamu tunayoithamini kuliko zote ni Sparsh ya mwaka 1980, maana yake "mguso", kazi ya mwanamke, Sai Paranjpye. Naseeruddin Shah ni Anirudh, mkuu wa shule ya watoto wasioona. Anajitegemea, ana akili kali na ulimi mkali zaidi. Husema watoto wake wanahitaji msaada, si huruma, na hapo tunamuunga mkono kabisa. Kavita, mjane kijana (Shabana Azmi), anakuja kufundisha, wanapendana, wanachumbiana. Kisha Anirudh anaanza kuona shaka: je, mwanamke huyu ananipenda, au amenifanya sadaka yake? Anauvunja uchumba.

Paranjpye hamsifu wala hamlaani. Anatuonesha kwamba kiburi kile kilichomwezesha mtu huyu kusimama mbele ya dunia yenye dharau ndicho sasa kinachomzuia kupokea mkono wa anayempenda. Ugonjwa huo hauna uhusiano na macho. Wanaume wengi wanaoona vizuri wanao, na wake zao wanaujua.

Baadhi ya watoto katika filamu hiyo walikuwa kweli wanafunzi wasioona wa Delhi. Anirudh mwenyewe, kama Thakur, Rohan na Ethan, aliigizwa na mtu asiye na ulemavu huo. Julai 2024 Mahakama ya Juu ya India ilitoa mwongozo juu ya namna filamu zinavyowaonesha watu wenye ulemavu, ikihimiza kwamba wao wenyewe washirikishwe. Mwaka 2025 ikatoka Sitaare Zameen Par, ambamo waigizaji 10 wenye ulemavu wa akili wanacheza mpira wa kikapu chini ya kocha mwenye majivuno, Aamir Khan, aliyepelekwa kwao na mahakama kama adhabu. Humo wachezaji ndio wanaomfundisha kocha, na wanacheka sana wakifanya hivyo.