Polisi wa Majanini na Wenzao wa Kahawia

Mtu apandaye kutoka Muheza kwenda Amani asubuhi, ukungu ungali umelala juu ya milima ya Usambara Mashariki, aghalabu huvutiwa na vipepeo wakubwa wenye rangi za kujionyesha, ambao wanavijiji wa huko walianza kuwafuga mwanzoni mwa karne hii, wakawa wakiuza pupa zao ng'ambo. Lakini kando ya njia iyo hiyo, nyasini, mna jamii nyingine isiyo na mnunuzi, nami sijapata kumsikia mtu akiipa jina lake mbali, bali wote huitwa vipepeo tu, au, kwa mwenye haraka, nondo.

Wataalamu huiita Hesperiidae. Kuitambua si kazi: kichwa ni kipana, kiwiliwili kinene, na ncha za vipapasio zimepinda mithili ya ndoana, tena mwendo wao si wa kupeperuka bali wa kuchupa, hata jicho likawahi kuona jani likitikisika ilhali mwenyewe kesha kwenda. Taabu ni kuwapambanua wao kwa wao.

Chukua mathalani wale wa jenasi ya Coeliades, ambao wasemao Kiingereza kusini mwa Afrika, kwa mzaha usiokosa busara, wamewaita polisi. Akiruka huambulii ila kivuli cha rangi ya majivu, naye hupenda kutua chini ya jani na kufumba mabawa. Basi huna budi kuinama, wapita njia na wakudhanie umepoteza shilingi, uutazame upande wa chini wa bawa la nyuma. Coeliades forestan ana mshipi mweupe mtupu. Anchises, katika weupe huo, ana doa jeusi, ndiyo nyota yake moja ya cheo. Na pisistratus amepewa nyota mbili. Laiti wote wangalivaa sare namna hii!

Kwani wa kahawia hawana huruma hiyo. Mkao wao husaidia kidogo: atandazaye mabawa yote bapa huenda ni Sarangesa au Eretis, na ainuaye ya mbele nusu ilhali ya nyuma yamelala ni katika wale ambao viwavi wao hula nyasi, na mpunga pia, wakilikunja jani kwa nyuzi wakajificha ndani. Hao wa mwisho, Borbo na Pelopidas, wana vidoa vyeupe vipitishavyo nuru, vinavyofanana kiasi cha kumtia tashwishi hata bingwa. Dume la Pelopidas lina mstari mwembamba uliolazwa upogo juu ya bawa la mbele, lakini jike halinao, na yakini mara nyingi hupatikana chini ya hadubini tu, kwa kuchunguza viungo vya uzazi vya mdudu aliyekwisha kufa.

Mimi sina moyo wa kumuua kiumbe kwa ajili ya jina. Daftarini mwangu huandika, "wa mpungani, dume, mwenye mstari," nikaweka tarehe, nikamwacha achupe.