Kobe Aliyevuka Bahari

Kwa miaka thelathini na zaidi tulikuwa tukimcheka shemeji yetu, Mwenyezi Mungu amrehemu. Alikuwa baharia, na katika hadithi zake ilikuwamo moja aliyoipenda kuliko zote. Siku moja, alisema, wakiwa mbali na nchi kavu, waliona kitu kama chungu kilichopinduliwa kikielea juu ya maji. Walipokikaribia wakakuta ni kobe. Si kasa, maana kasa kwao ni baharini. Kobe hasa, wa nchi kavu, mwenye miguu kama ya ndovu, ameinua shingo akivuta pumzi. Mabaharia wazee wakamwambia kuwa huyo ametoka Aldabra. Sisi tulikuwa vijana wa chuoni wenye vitabu kwapani, tukamjibu kwa adabu, lakini tukamjibu, kwamba kobe akitiwa majini huzama. Dada yetu mkubwa, mkewe, hakusema neno. Alimwongeza mumewe kahawa tu.

Mwaka uliopita kijana wao anayefanya kazi Doha alimuuliza mamake angependa zawadi gani. Hija alikwisha kuhiji, nyumba ilikwisha kuezekwa upya. Mama akasema, "Nataka kuiona Aldabra."

Msomaji asiyekijua kisiwa hicho asione haya. Aldabra ni milki ya Shelisheli, lakini iko zaidi ya kilomita 1,100 kusini-magharibi ya Mahé, karibu zaidi na Madagaska. Ni duara la matumbawe yaliyoinuka juu ya bahari, lenye urefu wa kilomita 34 hivi, limegawanyika visiwa vikubwa vinne: Picard, Polymnie, Malabar na Grande Terre. Katikati imo bahari ya ndani, yenye kina kifupi na rangi ya kijani kibichi. Wengi husema jina lenyewe ni la Kiarabu, kutoka al-khadhraa, yaani ya kijani, kwa kuwa rangi ya maji hayo huonekana mbinguni, katika matumbo ya mawingu, kabla nchi haijaonekana. Wengine hutoa asili nyingine. Sisi tumeyaona mawingu hayo kwa macho yetu, na tumeegemea kauli ya kwanza.

Hakuna uwanja wa ndege huko, wala hoteli, wala wakazi isipokuwa wafanyakazi wachache wa kituo cha utafiti. Afikaye hufika kwa bahari, na wengi wa wageni hufika kwa zile meli ndogo za watalii ziendazo visiwa vya mbali zikiwa na wataalamu wa ndege, samaki na mimea. Si zile meli kubwa kama mtaa mzima zinazotia nanga Kilindini. Hizi hazina kasino wala ukumbi wa ngoma, na abiria wake hulala mapema kwa kuwa huamshwa alfajiri.

Tuseme kweli: tulipinga. Nauli ya mtu mmoja ingelipa karo ya mwaka mzima ya watoto kadhaa wa madrasa yetu, na tuliutamka msamiati wetu wote wa israfu katika simu. Kijana alisikiliza mpaka tukamaliza. "Mjomba," akasema, "za madrasa nitaleta mbali, inshallah. Hizi ni za mama." Kisha dada akaichukua simu, akaifunika kwa kiganja, akatutazama. "Nilipokwenda Hija ulinisindikiza mpaka uwanja wa ndege. Leo nataka kuona viumbe vya Mola huyo huyo, unanihesabia shilingi?"

Na kwa kuwa hakutaka kusafiri bila mahram, na mahram aliyepatikana ni sisi, ikawa kwamba mpingaji mkuu wa safari ndiye aliyekatiwa tiketi ya pili.

Tulitoka Mahé katika tangambili, kaskazi ikiwa imechoka na kusi haijaamka. Msimu huo huchaguliwa makusudi, kwa kuwa kusi likishika, mashua ndogo haziwezi kushusha watu katika visiwa hivyo. Chakula hakikutusumbua, tuliomba samaki na mboga, tukaletewa samaki na mboga. Kibla cha Mombasa ni kaskazini hasa, na kule huinama kidogo upande wa magharibi. Nahodha mwenyewe alitupatia nyuzi zake, na kila ilipogeuka meli tuligeuza mswala. Jambo lililotutia wasiwasi lilikuwa ni kushuka. Abiria huteremka ngazi ya ubavuni na kuingia katika mashua ya mpira inayopanda na kushuka na wimbi, naye baharia humshika mkono mpaka kwenye kisugudi. Dada yetu ana miaka sabini na magoti mabovu. Tulimweleza kiongozi wa safari mapema kwamba tungependa ashikwe na wanawake. Hakushangaa wala kuuliza maswali. Akawapanga mabinti wawili wa kikosi chake, mmoja juu na mmoja chini, na wakawa ndio wake safari nzima.

Siku moja kabla ya kufika tulikusanywa ukumbini kila mtu na mavazi yake ya nje. Viatu vilisuguliwa nyayo kwa brashi na kuchovywa katika dawa. Mifuko ya nguo ilipinduliwa, mishono ikavutwa kwa mashine ya kufyonza vumbi, na upindo wa buibui la dada ukachambuliwa kwa kibanio, maana mbegu moja tu ya jani geni yaweza kuota huko na kuisonga mimea isiyopatikana popote duniani. Katika mkoba wake wakakuta hiliki, alizozichukua za kutafuna kichefuchefu kikimshika. Binti wa ukaguzi akazihesabu, akazitia katika mfuko, akaufunga kwa gundi na kuandika namba ya chumba chetu. Angerudishiwa tukiondoka. Dada alizikabidhi kwa heshima, kama mtu anayetoa silaha.

Usiku ule mtaalamu mmoja wa kike alitoa darsa juu ya kobe, nasi tukawa tukimfasiria dada kwa sauti ya chini. Alisema kobe wakubwa walikuwako zamani Madagaska, Morisi, Réunion na Rodrigues, na kote huko walikwisha. Mabaharia waliwabeba wakiwa hai, wakiwapanga chali ndani ya meli kuwa akiba ya nyama, kwa sababu kobe huishi muda mrefu bila chakula wala maji. Hata wa Aldabra walipungua sana, hadi mwaka 1874 Charles Darwin na wenzake walimwandikia gavana wa Morisi wakiomba walindwe. Leo wako kiasi cha laki moja. Hao wa Changuu, Unguja, ni kizazi cha kobe waliotoka Shelisheli, na yule Mzee wa Haller Park, Bamburi, aliyeandamana na kiboko Owen baada ya gharika la Disemba 2004, ni wa jinsi hiyo hiyo.

Kisha akasema kwamba mwezi huo huo wa Disemba 2004, huko Kimbiji, kusini ya Dar es Salaam, kobe mkubwa alionekana akitoka baharini kwa miguu yake. Alikuwa amekonda, na miguu yake imejaa wale viumbe wenye magamba wanaoganda chini ya vyombo vikikaa sana majini. Wataalamu waliupima ukubwa wa magamba yale, wakajua kuwa kobe ameelea kwa wiki nyingi. Na wakahukumu kuwa yaelekea sana ametoka Aldabra, mwendo wa kilomita 740 hivi. Habari yake iliandikwa katika jarida la sayansi mwaka 2006.

Tulifasiri mpaka Kimbiji, ulimi ukawa mzito.

"Malizia," dada akasema.

Tukamalizia. Kobe haizami, huelea, na shingo yake ndefu humweka pua juu ya maji. Dada alikaa kimya kitambo, akikunja na kukunjua pembe ya mtandio wake. "Basi ukifika nyumbani nenda ukamwambie," akasema, na hakulirejea tena jambo hilo.

Asubuhi ya kwanza bahari ilikataa. Wimbi lilikuwa kubwa, mashua zikarudishwa, na baadhi ya abiria wakanung'unika juu ya fedha zao. Dada, mke wa baharia, aliwashangaa. Siku ya pili tuliingia bahari ya ndani pamoja na maji yakijaa. Maji hayo hupwa na kujaa kwa tofauti ya karibu mita 3 wakati wa bamvua, na yote hupitia milango michache, kwa hiyo mkondo wake ni kama mto wenye ghadhabu. Chini yetu walipita kasa, taa na papa wadogo, wote wakielekea ndani, kama watu wa soko moja. Huko ndani mikoko ilikuwa imejaa ndege wakubwa weusi, maelfu kwa maelfu, madume yakiwa yamevimbisha koo jekundu kama puto. Mashua ilizimwa mashine, tukakaa katika harufu ya samaki na mavi ya ndege. Hatujapata kusikia kelele zenye raha kama zile.

Siku ya tatu tulishuka Picard. Mabinti wale wawili walimpokezana dada, maji yakamfika magotini na buibui likamgandama, akasimama mchangani akicheka kama msichana. Kobe walikuwa chini ya miti, maana jua kali huwaua, na kila kivuli kilikuwa na wake, wamebanana kama mawe ya msingi. Tulikatazwa kuwagusa. Dada aliketi juu ya gogo, na baada ya muda dume moja kubwa likanyanyuka, likaja polepole, likasimama hatua mbili mbele yake na kumtazama kwa macho yenye maji. Hatujui walisemezana nini. Mahali pengine kichakani tulimwona ndege mdogo wa rangi ya kutu, asiyeweza kuruka, akichokoa viatu vya abiria bila woga. Ni wa mwisho wa ndege wasioruka katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na hapo Picard paka walikuwa wamemmaliza, ikabidi arudishwe mwaka 1999 kutoka kisiwa jirani.

Kisiwa hiki kiliponea chupuchupu. Mwaka 1965 Uingereza iliitenga Aldabra, pamoja na Chagos na visiwa vingine, iwe koloni jipya kwa haja za kijeshi, na ikatakiwa pajengwe uwanja wa ndege za kivita. Wanasayansi wa Uingereza na Marekani wakapiga kelele, sarafu ya Uingereza nayo ikaanguka thamani, na mwaka 1967 mpango ukaachwa. Kambi ikajengwa Diego Garcia, katika Chagos, na watu wa Chagos wakatolewa makwao hadi kufikia 1973. Tulilitafakari hili tukiwa mbele ya kobe wale waliolala. Ndege na kobe walipata mawakili katika magazeti ya London. Waja wa Mungu waliokuwa na nyumba, makaburi na mbwa wao hawakupata, na wajukuu zao wangali wakidai haki ya kurudi.

Tulipozunguka upande wa pili wa ufuo, dada alisimama. Mchanga ulikuwa umefunikwa kamba za plastiki, maboya, vipande vya nyavu, chupa, na ndara. Ndara nyingi mno, za watu wazima na za watoto, nyekundu, buluu, zilizokatika kigwe. Hakuna aishiye hapo wa kuzivaa. Zote huletwa na mikondo. Mwaka 2019 watu wa kujitolea walikusanya tani 25 kwa wiki tano, na watafiti wakakadiria kuwa zaidi ya tani 500 zilikuwa zimebaki, uzito mwingi ukiwa ni zana za uvuvi. Kasa wanaopanda kutaga, ambao idadi yao imeongezeka sana tangu wahifadhiwe mwaka 1968, hulazimika kupita katikati ya uchafu huo.

Dada aliokota ndara moja ndogo, akaigeuza. "Sisi tumesuguliwa nyayo kwa brashi," akasema, "na hizi zimeingia bila kupiga hodi." Akataka kuichukua. Kiongozi akamruhusu, na abiria kadhaa walipoona, nao wakajaza magunia mawili yakapakiwa mashuani. Ni tone, twajua.

Tulipowasili Mombasa, siku ya pili tulikwenda makaburini peke yetu. Tuliyoyasema huko hayahusu gazeti.

Dada alikuta wajukuu wamemngoja mlangoni. "Nyanya, umetuletea nini?" Walitaraji kombe, au walau kipande cha tumbawe, lakini huko hata punje ya mchanga haitoki. Akafungua mkoba, akautoa ule mfuko wa hiliki uliofungwa kwa gundi, wenye namba ya chumba, na kuwaambia kuwa hizi zimezuiwa na serikali ya kobe. Kisha akaingia jikoni akawapikia chai kwazo.