Mbwa wa Kijana Wetu

Leo twataka kuongea juu ya jambo ambalo wazazi wengi huona aibu kulitaja: mtoto aliyekwisha kuwa mtu mzima, anayeishi bomani kwa wazazi wake, naye anafuga wanyama asioweza kuwatunza.

Twalijua kwa sababu limetupata. Kijana wetu ana miaka 31. Alirudi kutoka Nairobi bila kazi, akaanza kunywa pombe, kisha akaleta mbwa jike. Tulifurahi, maana tulidhani kiumbe cha kutunza kitamtuliza moyo. Lakini mbwa hubeba mimba kwa siku 63 hivi, na aweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Kabla mwaka haujaisha tulikuwa na mbwa sita. Asubuhi mwenyewe amelala, sisi ndio tunaowasongea ugali. Usiku huwaachilia wakazurura kwa majirani.

Mtatuuliza, mbona hamkuwafukuza? Tungewafukuza waende wapi? Mbwa aliyetupwa barabarani huwa taabu ya watu wengine.

Kosa letu lilikuwa jingine. Tulichanganya haja ya mbwa na deni la kijana. Mara tuliwalisha tukanyamaza, tukiita huo upendo. Mara tulimkasirikia, tukawanyima mbwa chakula ili yeye apate funzo. Funzo hakulipata, waliokonda ni mbwa.

Jumapili moja mbwa mmoja akamwuma mtoto wa jirani mguuni. Kijana alisema mbwa wote wamechanjwa, lakini cheti hakuwa nacho. Ndipo tukajifunza mambo ambayo kila mzazi apaswa kuyajua. Kichaa cha mbwa huja kwa mate ya mnyama mgonjwa. Dalili zikishamtokea mtu, karibu hakuna aponaye, lakini sindano zikiwahi humwokoa. Kwa hiyo jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, hata likiwa mkwaruzo tu, na mtoto apelekwe hospitali siku ile ile. Msilipake pilipili wala majivu. Na mbwa asiuawe kwa hasira. Afungwe, atazamwe kwa siku 10. Akiwa bado mzima, basi hakuwa na ugonjwa huo katika mate yake siku alipouma. Lakini msingoje siku hizo ziishe ndipo mwende hospitali.

Mwaka 2014 nchi yetu ilifanya mpango wa kuumaliza ugonjwa huu kwa watu ifikapo mwaka 2030. Wataalamu husema mbwa 70 katika kila 100 wakichanjwa kila mwaka, ugonjwa hukosa njia. Wetu sita hawakuwamo katika hesabu hiyo.

Kitabu cha Kutoka, sura ya 21, chasema juu ya ng'ombe aliyezoea kupiga watu pembe: mwenyewe akiwa ameonywa asimfunge, hatia ni yake. Kijana wetu tulimwonya mara ngapi? Na majirani walituonya sisi mara ngapi?

Siku ile tulilipa nauli na sindano sisi wenyewe, maana mtoto hawezi kungoja mlevi apate akili. Lakini safari hii hatukulifuta deni. Tuliliandika katika daftari, tukamwambia, "Hili ni lako, baba. Nenda kwa mama yule mwenyewe." Alikasirika, akatoweka siku tatu. Aliporudi alikwenda. Hatujui walisemezana nini. Tulichoona ni kwamba alianza kumchimbia mama yule mitaro ya shamba, siku moja moja, asipokuwa amekunywa.

Bwana mifugo amekwisha kuwachanja wote sita. Wanne wamepata watu wa kuwafuga, na jike tunatafuta fedha afungwe kizazi. Pombe kijana hajaiacha. Ugali wa mbwa wawili waliobaki bado tunausonga sisi, isipokuwa juzi Jumamosi, tulipoamka tukakuta sufuria iko motoni.