Repita ya redio Kuruwitu: Jinsi ya kuchagua kipokezi kikuukuu

UMEME ulipopotea kote nchini Agosti 25, 2023, wengi walikumbushwa kwamba minara ya simu nayo huhitaji umeme, na kwamba betri na jenereta zake zina kikomo.

Katika hali kama hiyo, redio za ridhaa, zinazoendeshwa na raia wenye leseni bila nia ya faida, huweza kuendelea kupitisha ujumbe. Tatizo ni umbali. Katika pwani tambarare kama ya Kuruwitu, Kaunti ya Kilifi, redio mbili za mkononi za VHF husikizana kwa kilomita 10 hivi, kwani mawimbi yake hayapindi kufuata mviringo wa dunia.

Suluhu ni repita, yaani mtambo unaopokea sauti katika masafa fulani na kuirusha papo hapo katika masafa mengine kwa nguvu zaidi. Antena yake ikiinuliwa mita 25, mwenye redio ya mkononi anaweza kuufikia akiwa kilomita 25 hivi, mradi pasiwe na kizuizi.

Repita mpya ni ghali. Wapenzi wengi wa redio huunda yao kwa redio mbili za gari zilizokwishatumika: moja hupokea, nyingine hurusha. Redio za aina hiyo zilizidi sokoni baada ya Marekani kuwataka watumiaji wa masafa ya kibiashara kuhamia mikondo myembamba ya kilohezi 12.5 kufikia Januari 1, 2013.

Usikivu pekee hautoshi

Wanunuzi wengi huuliza kwanza iwapo kipokezi husikia mawimbi hafifu. Katika repita, swali kubwa zaidi ni iwapo kinaweza kustahimili kelele za jirani. Ikiwa mtambo unapokea katika megahezi 145.000 na kurusha katika 145.600, tofauti ni kilohezi 600 tu. Kipokezi dhaifu huzibwa masikio na mtambo wake wenyewe.

Ndiyo maana redio za kazi, zilizoundwa kwa ajili ya teksi au kampuni za ulinzi, hufaa kuliko redio ndogo za mkononi za bei ya chini. Hata hivyo, vichujio vya mikebe vinavyotenganisha masafa hayo mawili bado vitahitajika, na huenda vikagharimu kuliko redio zenyewe. Viwekwe kwenye bajeti tangu mwanzo.

Kagua kabla ya kulipa

Kwanza, hakikisha masafa. Motorola GM300 ya VHF, kwa mfano, ilitengenezwa kwa matoleo mawili: la megahezi 136 hadi 162, na la 146 hadi 174. La pili halikukusudiwa masafa ya ridhaa ya 144 hadi 146.

Pili, uliza jinsi redio inavyopangwa. Baadhi ya redio za kale huhitaji programu za kompyuta za zamani na waya maalumu.

Tatu, fungua kifuniko. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Hewa ya chumvi hula shaba, na kutu ya kijani kwenye viungio ni dalili mbaya.

Nne, pima umeme. Kipokezi hakilali: kikifyonza nusu ampea, hutumia ampea-saa 12 kila siku, na paneli ya sola sharti izirudishe.

Mwisho, jaribu redio zote mbili zikiwa na vichujio na antena yake. Sauti hafifu ikipotea mara mtambo unapoanza kurusha, usilipe kabla ya kujua kasoro iko wapi.

Leseni na wavuvi

Kabla ya kuwasha chochote, sharti upate kibali cha Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya.

Aidha, repita ya ridhaa si mbadala wa redio ya baharini. Mvuvi aliyepatwa na dhiki nje ya mwamba aite kupitia mkondo wa 16, megahezi 156.8, ambao vyombo na vituo vya uokoaji husikiliza.